Daraja la Mau ndani ya chumba cha Mombasa

Kila anayejua kwamba nina reli ya mfano chumbani huniuliza swali lile lile: mbona si daraja la Tsavo? Ni swali la haki. Mtu akitaja reli ya zamani na daraja kwa pumzi moja, akili za watu hukimbilia kwa wale simba wawili waliokula watu mwaka 1898, kwa Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja aliyewaua, na bunduki yake, na kwa wafanyakazi waliokuwa wakilala juu ya miti. Lakini daraja lenyewe la Tsavo, ukilitazama bila simba, ni boriti za chuma juu ya nguzo za mawe, na mto unapita chini. Heshima yake imo kwenye masimulizi. Ukiliweka mezani itabidi uweke na simba, na simba wa skeli ya 1:87, yaani aliyepunguzwa mara 87, ana urefu wa kama sentimita 3. Tena wale wa Tsavo hawakuwa na manyoya ya shingoni, kwa hiyo mgeni atadhani ni mbwa.

Nilitaka daraja ambalo mtu akisimama mlangoni analiona na kulitambua kabla hajaambiwa lolote. Nadhani kila reli ya mfano inahitaji kitu kimoja cha namna hiyo, na kimoja tu. Ukiweka madaraja matatu makubwa kwenye chumba cha kawaida, hakuna hata moja litakalokumbukwa.

Kwa hiyo nilikwenda Mau. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, ikateremka Bonde la Ufa, ikapanda tena Mau, halafu ikakabiliwa na kazi ngumu ya kushuka upande wa pili kuelekea Ziwa Victoria. Kati ya Mau Summit na Muhoroni nchi imekatwakatwa na mabonde. Hapo ndipo yalipojengwa madaraja 27 ya minara ya chuma, na kazi ikapewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company, jambo lililowaudhi Waingereza si haba, maana reli ilikuwa yao na pesa zilikuwa zao. Vyuma vilikatwa na kutobolewa huko huko Marekani, vikaja kwa meli hadi Mombasa, vikapandishwa treni hadi mwisho wa reli, vikaunganishwa bondeni. Desemba 1901 reli ikafika Port Florence, yaani Kisumu ya leo.

Umbo la madaraja hayo ndilo lililonivuta. Minara myembamba ya miguu minne, mirefu katikati ya bonde na mifupi kandoni, na juu yake boriti zilizonyooka kama mstari wa rula. Unaona anga katikati ya miguu. Hata mtoto akikuchorea unajua anachora nini.

Kabla ya chuma, kuna hesabu. Reli ya zamani ina upana wa mita 1 kati ya reli na reli. Ukigawa milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5, na njia ya milimita 12 inauzwa tayari kwa sababu Waswisi, ambao milimani kwao wana reli nyingi za mita moja, wana soko kubwa la treni za skeli hiyo. Ndiyo maana njia yangu ya Mau inatembea juu ya reli zilizokusudiwa kwa milima ya Uswisi. Sioni aibu. Mataruma, zile mbao za kulalia reli, niliyabadilisha.

Daraja nililipanga liwe na urefu wa mita 1.4, ambazo kwa uhalisi ni kama mita 122, au futi 400. Nilichukua mpangilio wa boriti fupi za futi 20 juu ya kila mnara na boriti ndefu za futi 40 kati ya mnara na mnara. Kwa skeli hiyo ni milimita 70 na milimita 140. Minara sita na nafasi ndefu saba, hesabu inafunga bila kubakiza hata nusu milimita, na nakiri kwamba usiku ule nililala nikitabasamu. Si nakala ya daraja moja mahususi. Ni daraja la ukoo ule, lililokatwa kutosha ukuta wangu.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka kulisema. Watu wengi wanaoanza kazi hii huanza na mapambo: ribiti (zile pini za vichwa vya mviringo zinazounganisha vyuma), rangi, kutu. Mimi nimeishia kuamini kwamba daraja la mfano linaaminika au halitaaminika kwa swali moja: uzito unapita wapi? Jicho la mtu, hata asiye fundi, linafuata uzito wa treni kutoka kwenye reli hadi kwenye taruma, kutoka taruma hadi boriti, kutoka boriti hadi kichwa cha mnara, mguuni, kwenye zege, ardhini. Mahali popote mnyororo huo ukikatika, mtazamaji anahisi kuna kasoro ijapokuwa hawezi kukuambia ni nini. Nimeona madaraja ya mfano yenye maelfu ya ribiti, na miguu yao imesimama juu ya nyasi. Nyasi! Chuma cha tani mia kadhaa juu ya nyasi za plastiki.

Ukilikubali swali hilo, kazi inajipanga yenyewe, na inaanzia chini. Bonde kwanza. Nilikuwa na meza bapa ya plaiwudi, na juu ya meza bapa huwezi kuwa na daraja refu isipokuwa uinue treni nzima hadi kifuani. Nilikata meza. Sehemu ile niliifumua hadi ikabaki fremu ya mbao, nikashusha sakafu ya bonde kwa sentimita 28 chini ya usawa wa njia, ambazo ni kama mita 24 za kweli. Kuta za bonde ni stairofomu kutoka kwenye maboksi ya friji, zikafunikwa vitambaa vya pamba vilivyochovywa kwenye plasta. Fundi wa jasi anayepamba dari za mtaani kwetu aliniuzia mabaki ya mfuko kwa bei ya chai.

Hapa Mombasa adui si joto peke yake, ni unyevu. Mbao hapa inapumua. Msimu wa mvua inavimba, kaskazi ikianza inakauka na kusinyaa, na ubao wa vumbi la mbao ulioshindiliwa ndio usiuguse kabisa. Fremu yangu ni mbao ngumu iliyokaa kavu muda mrefu, na plaiwudi ya marini iliyopakwa vanishi pande zote pamoja na kingo. Kingo ndizo zinazonywa maji.

Minara niliitengeneza kwa brasi. Plastiki ni rahisi kukata na kuunganisha, lakini chumba changu kiko chini ya mabati, na plastiki nyembamba iliyobeba mzigo kwenye joto la mchana wa Februari hupinda polepole hadi siku moja unashangaa boriti yako ina tumbo. Brasi haina mchezo huo. Vipande vya pembe vya milimita 2 vilitoka nje ya nchi. Vile vyuma vyembamba vya mkingamo nilivikata mwenyewe kutoka kwenye waya na bapa la brasi.

Siri ya minara ni kalibu, na nitaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu iliniokolea kazi nyingi. Miguu ya mnara haishuki wima. Inatanuka kwenda nje kadiri inavyoshuka, kwa kiasi cha sentimita 1 kwa kila sentimita 6, kwa sababu treni ndefu juu ya bonde ni ukuta mbele ya upepo, na ukuta huo unataka kuangusha mnara ubavuni. Sasa, kwa kuwa mteremko ni ule ule kwa minara yote, mnara mfupi ni kichwa cha mnara mrefu kilichokatwa mapema. Basi nilichora mnara mrefu kabisa juu ya ubao, nikapigilia misumari midogo isiyo na vichwa pembeni ya kila mstari, nikawa nalaza pembe za brasi katikati ya misumari na kulehemu. Kwa mnara mfupi nalaza vyuma vile vile kuanzia juu, nasimama pale ardhi yake inapoanzia. Ubao mmoja, minara yote. Hakuna haja ya kupima pembe mara ya pili.

Kwenye kulehemu, tatizo la vyuma vya mkingamo ni kwamba ukiunganisha cha pili, joto linayeyusha cha kwanza kinadondoka. Nilikuwa nikiweka kipande cha pamba iliyolowa maji juu ya kiungo kilichokwisha kushika, joto linaishia hapo kwa mvuke. Dawa ya lehemu isafishwe jioni ile ile kwa maji ya moto na mswaki. Ikilala, kwa hewa yetu ya chumvi, asubuhi utakuta ukungu wa kijani.

Boriti ni mchanganyiko wa ukweli na uongo wa halali. Zinazoonekana ni plastiki yenye ribiti, lakini ndani yake kuna bapa la brasi lililosimama kwa ubavu, na hilo ndilo linalobeba treni. Ribiti nilizipiga kwenye bati la kopo la soda: unalikata kwa mkasi, unalilaza kifudifudi juu ya mpira mgumu, unabonyeza kwa sindano butu ukifuata karatasi ya miraba. Kichwa cha ribiti halisi kwa skeli hii hakifiki nusu milimita. Nilizipiga upande wa mbele tu, na kwenye sahani za juu ya minara ambako jicho linatua. Upande wa ukutani hakuna ribiti hata moja, na hakuna aliyewahi kuinama kwenda kuzitafuta.

Kisha kuna suala la chuma kutanuka. Daraja halisi la mita 122, likitoka kwenye baridi ya alfajiri ya Mau hadi jua kali na chuma kikapata nyuzi 30 zaidi, linataka kurefuka kwa karibu milimita 44 kwa jumla. Ndiyo maana boriti za madaraja hufungwa upande mmoja na upande wa pili huachiwa nafasi ya kuteleza. Kwangu mezani reli za mita 1.4 hazirefuki hata nusu milimita, lakini mbao inayozizunguka inacheza zaidi ya hapo. Nikafanya kama wakubwa walivyofanya: daraja zima linatoka kama sanduku, upande wa Nakuru limefungwa kwa skrubu moja, upande wa Kisumu limekaa juu ya kikalio cha brasi na linateleza. Kwenye maungio ya reli niliacha nafasi ya unene wa kadi ya mwaliko wa harusi. Daraja linalotoka lina faida nyingine: nilijenga kila kitu juu ya meza ya kazi, nimekaa kitini, mwanga ukinijia kutoka kushoto.

Nilipolijaribu niliweka rula ya chuma kando ya boriti na kupanga juu ya daraja chupa za maji za nusu lita, moja moja, hadi uzito ukawa mara kadhaa ya treni yoyote nitakayoipitisha. Mwanga kati ya rula na boriti haukubadilika. Hapo ndipo nilipaka rangi.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyekuwa nyapara wa genge la njia, miaka mingi kwenye sehemu zile za Londiani na Kipkelion, ambayo yeye bado anaiita Lumbwa. Nilimwalika aje aone. Alikataa kiti. Nilitarajia atazame minara, yeye akapiga goti na kuchungulia chini ya bonde.

"Mvua ikinyesha hapa, mwanangu, maji yanakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, hapa haitanyesha."

"Kule inanyesha," akasema. "Na maji yakishaanza kula udongo kwenye zege hili, huo uzuri wa juu hautakusaidia kitu."

Alikaa adhuhuri nzima. Alitaka mtaro wa mawe juu ya kila msingi, kuyaongoza maji yanayoteremka yapite kando. Alitaka mawe yaliyopangwa, si yaliyomwagwa, kuzunguka misingi miwili iliyo karibu na kijito. Alitaka kuta za pembeni kwenye ncha zote mbili, pale tuta la udongo linapokutana na daraja, ili udongo usimwagike mbele. Halafu akauliza genge langu litakimbilia wapi. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba juu ya daraja refu hakuna mahali pa kusimama treni ikija, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani huwekwa kibaraza kidogo kinachotokeza nje, chenye reli ya mkono, mtu anajibana hapo. Alinionyesha kwa mwili wake jinsi mtu anavyojibana: mgongo umegeukia bonde, kofia mkononi, taa katikati ya miguu isizimwe na upepo wa mabehewa. Vibaraza vitatu nilivilehemu wiki ile ile, na kwenye kimoja nimemsimamisha mtu wa sentimita 2, kofia mkononi.

Mitaro na mawe yale ya mzee hayakuwemo kwenye picha yoyote ya zamani niliyoipata. Wapiga picha walikuwa wakitazama juu kama mimi.

Juu ya daraja hakuna kokoto. Mataruma yanakaa moja kwa moja juu ya boriti, yamebanana kuliko kwenye tuta, na ukitazama kutoka juu unaona bonde katikati yake. Ndani ya reli mbili kuna reli nyingine mbili za kinga, ili gurudumu likiacha njia lisitangetange hadi ukingoni. Zile za kinga kwenye mfano zinafanya kazi kweli, si pambo. Behewa langu moja lenye ekseli iliyopinda limewahi kulitambua hilo, na halikufika sakafuni.

Udongo wa bonde ni udongo hasa, mwekundu, niliouleta kwenye mfuko kutoka safari ya bara. Uchekeche kwa kitambaa cha soksi ndefu, uoke kwenye sufuria kavu uue wadudu, halafu upitishe sumaku juu yake kabla hujaumwaga popote karibu na njia. Utashangaa. Sumaku inatoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma, na chembe hizo zikiachwa huishia ndani ya mota ya injini. Vichaka ni nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi na vumbi la msumeno lililotiwa rangi. Rangi za dukani za kijani ni za Ulaya, zina ubaridi fulani. Nilizichanganya na njano hadi zikafanana na ninachokijua.

Rangi ya chuma ilinisumbua kidogo kwa kuwa picha za zamani ni nyeusi na nyeupe. Nikachagua rangi nyekundu ya kuzuia kutu chini, kijivu juu, na kijivu kikasuguliwa kwa msasa laini kwenye kingo na juu ya ribiti. Nikaishia hapo. Kutu nyingi ni tamaa; daraja linalopita treni kila siku halijaachwa lioze.

Swali la uzito liliamua hata treni. Kabatini nina picha ya Garratt, injini za mvuke zenye seti mbili za magurudumu ya kuvuta, za kundi la 59, ambazo Beyer Peacock wa Manchester walizitengeneza kati ya 1955 na 1956, injini 34 zilizopewa majina ya milima. Mbili bado ziko kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli Nairobi, Mount Gelai ikiwa mojawapo. Tani 252 kila moja, na kila ekseli ya magurudumu ya kuvuta inakandamiza reli kwa tani 21. Ni injini ya kutia hofu, na kila rafiki yangu anataka kuiona juu ya daraja. Lakini hiyo ilikuwa injini ya njia kuu nzito ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Kuipitisha juu ya miguu ile myembamba ya Mau ni kuvunja mnyororo ule niliouhangaikia kuanzia kwenye zege. Nimejenga Garratt ya kundi la 60 badala yake, ndugu yake mwepesi wa tani 11 kwa ekseli, iliyotengenezwa hasa kwa njia za reli nyepesi. Inakaa juu ya daraja bila kumtisha mtu.

Anayebaki na malalamiko ni mpwa wangu, ambaye amezaliwa akalikuta daraja la zege na Madaraka Express, treni ya reli mpya. "Mjomba, pitisha ya kisasa basi, hata mara moja." Nilimpa behewa la reli ya kisasa la skeli ile ile aliweke mwenyewe juu ya njia. Magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana kwa njia ya milimita 16.5, njia yangu ni 12. Likakaa kwenye mataruma kama limepanda ukuta. Alilitazama muda, akaliondoa, akaniuliza kama ukuta ule wa upande wa dirisha una mwenyewe. Nimemwambia hauna, lakini alete kwanza mchoro wa ardhi, na anionyeshe nguzo zake zinasimama juu ya nini na maji yanapita wapi. Hadi sasa ameleta mchoro wa treni.